Vumbi la Voi na Machujio ya Hewa ya Motokaa

Wageni wanaoingia katika mbuga ya Tsavo kwa mara ya kwanza hustaajabu kuwaona ndovu wekundu. Ndovu hao si wa namna nyingine. Ngozi yao ni ya kijivu kama ya ndovu wote, ila hugaagaa katika udongo wa nchi ile na kujirushia vumbi lake mgongoni. Udongo huo huo ndio unaopaka nguo za abiria, majani ya mikonge ya Mwatate na mabati ya maduka ya Voi wakati wa kiangazi, nao ndio unaoingia katika motokaa. Abiria akifika nyumbani huoga, vumbi likamtoka. Injini haina nafasi ya kuoga; vumbi likipita hadi ndani yake huisaga.

Kwa sababu hiyo wenye magari wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta wana swali ambalo kwa mtu wa mjini Nairobi huenda lisiwe kubwa. Mtu aendapo dukani kununua chujio la hewa, ambalo mafundi wengi hulitaja kwa jina la "ea klina", huwekewa mbele yake zaidi ya moja. Liko lile lenye jina la kiwanda kilichotengeneza gari lenyewe, na bei yake ni ya juu. Liko la karatasi lililotengenezwa na kampuni nyingine, na bei yake ni nafuu. Liko la pamba lililotiwa mafuta, ambalo muuzaji husema kwamba litaoshwa na kutumika miaka yote, litaongeza nguvu ya injini na kupunguza ulaji wa petroli. Bei ya hilo hupita bei ya machujio kadha ya karatasi yakiwekwa pamoja. Je, yafaa kununua chujio lisilo la kiwanda cha gari? Na kama yafaa, ni lipi?

Jibu halipatikani kwa kutazama bei peke yake, wala kwa kutazama jina lililo juu ya boksi. Sharti kwanza ifahamike kazi ya kitu chenyewe.

Injini hula hewa kuliko petroli

Watu wengi hufikiri ya kwamba chakula cha injini ni petroli. Kwa hakika chakula chake kikubwa ni hewa. Ili petroli iungue vizuri, kila kilo moja ya petroli huhitaji karibu kilo 15 za hewa. Hewa ni nyepesi, basi uzito huo hujaza mahali pakubwa mno: lita moja ya petroli huhitaji lita zipatazo 9,000 za hewa. Motokaa ndogo iliyotumia lita 10 katika kazi ya siku moja imekwisha kumeza hewa yote ya chumba chenye urefu wa mita 6, upana wa mita 5 na kimo cha mita 3. Kama hewa ya chumba hicho ni safi, hapana taabu. Lakini mtu na akumbuke jinsi hewa ilivyo katika njia za udongo za upande wa Kasigau au Kishushe, hasa anapofuata lori lililotangulia, hata asiione njia mpaka vumbi litulie. Hewa hiyo ndiyo injini inayoivuta.

Ndani ya vumbi hilo mna vitu vya namna mbili vilivyo muhimu. Kimoja ni udongo mfinyanzi wenye kutu ya chuma, nao ndio unaotia rangi nyekundu. Kingine ni chembe ndogo za kwatzi, jiwe lile linalometameta katika mchanga wa mito. Kwatzi ni ngumu kuliko kioo, tena ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda mna utando mwembamba wa mafuta, ambao unene wake ni sehemu chache tu za elfu za milimita. Chembe ya kwatzi iliyo nene kuliko utando huo hugusa chuma cha pande zote mbili, na pistoni ikipanda na kushuka maelfu ya mara kwa dakika, chembe hiyo hufanya kazi ya msasa. Unywele wa mtu huwa na unene upatao sehemu 70 za elfu za milimita. Chembe zinazodhuru injini zaidi ni ndogo kuliko hapo mara nyingi, wala jicho halizioni moja moja. Kwa hiyo si hoja mtu aseme kwamba ameangalia asione mchanga.

Injini iliyosagwa hivyo haisimami siku moja. Huanza kwa kupungua nguvu mlimani, gari likashindwa na kupanda kwa Wundanyi ambako zamani lilikuwa likipanda bila taabu. Halafu huanza kula mafuta, na moshi wa samawati huonekana nyuma. Mwishowe fundi hutoa shauri la kuifungua injini yote, kuchonga silinda na kutia pistoni na ringi mpya. Kwa mwenye matatu au pikapu ya kuchukulia mboga kutoka milimani, huo ni mwezi wa kazi uliopotea pamoja na fedha ambazo zingelipa karo ya mtoto, na yote yametokana na kitu ambacho aghalabu bei yake haizidi bei ya lita chache za petroli.

Hesabu ya kile kinachopita

Wauzaji hupenda kutaja kiasi cha vumbi ambacho chujio hunasa. Chujio moja, husema, hunasa sehemu 99 katika kila 100. Jingine hunasa 97. Mnunuzi akisikia hivyo huona tofauti ni ndogo, na ya kwamba yote mawili ni mazuri. Lakini injini haidhuriwi na vumbi lililonaswa. Hudhuriwa na lile lililopita. Basi hesabu sharti ianzie upande wa pili.

Ichukuliwe kwamba katika kiangazi kimoja, kuanzia Juni hadi Oktoba, vumbi la gramu 200 limefika katika chujio la gari linalokwenda njia za udongo kila siku. Chujio la kwanza litapitisha gramu 2. Chujio la pili litapitisha gramu 6, yaani karibu kijiko kidogo cha chai, nalo limeipa injini vumbi mara tatu kuliko la kwanza. Kijiko cha chai cha msasa mwembamba ndani ya injini si kitu cha kudharauliwa. Kama chujio la kwanza ni zuri zaidi, likanasa sehemu 99 na nusu, basi litapitisha gramu 1 tu, na tofauti imekuwa mara sita.

Hapa ndipo karatasi inapopata sifa yake. Chujio jema la karatasi, lililopimwa kwa vumbi maalumu ambalo viwanda vya dunia hulitumia kwa kupimia (na ambalo asili yake ni jangwa la Arizona, Marekani), kwa kawaida hunasa zaidi ya sehemu 99 katika 100. Tena lina tabia ambayo watu wengi hawaijui: linapotumika kidogo hunasa vizuri zaidi kuliko likiwa jipya kabisa, kwa kuwa vumbi la kwanza huziba matundu makubwa na kuwa chujio juu ya chujio. Ubaya wake ni kwamba mwishowe huziba mno, na hapo halina budi kutupwa.

Chujio la pamba lenye mafuta limetengenezwa kwa shabaha nyingine. Nyuzi zake zimeachana zaidi ili hewa ipite kwa urahisi, na mafuta ndiyo yanayotegemewa kushika vumbi. Namna hiyo ya chujio ilipata sifa huko California miongoni mwa watu wa mashindano ya pikipiki na motokaa. Hapana ubaya katika hilo. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na ambayo kwa miaka mingi yalipita katika vilima vya Taita, yaliwafundisha watu wa hapa ya kwamba gari la mashindano ni mnyama wa peke yake. Injini yake hufunguliwa na mafundi baada ya safari moja, na ikiwa imesagwa, hutiwa vyuma vipya. Mwenye Probox ya kubebea abiria hatazamii kufungua injini kila baada ya siku nne. Kinachomfaa dereva wa mashindano si lazima kimfae yeye.

Je, petroli hupungua?

Sifa inayowavuta wanunuzi kuliko zote ni kwamba chujio jepesi hupunguza ulaji wa petroli. Katika magari ya zamani yenye kabureta maneno hayo yalikuwa na ukweli kiasi, maana chujio likiziba, hewa ilipungua na petroli ikabaki ile ile, gari likatoa moshi mweusi. Magari yaliyo mengi sasa hayana kabureta. Ndani yake mna sensa inayopima hewa, na kompyuta ya gari hutoa petroli kwa kadiri ya hewa iliyoingia.

Jambo hilo lilipimwa huko Marekani katika maabara ya taifa ya Oak Ridge, na taarifa yake ikatolewa mwaka 2009. Magari ya petroli ya namna mpya yaliendeshwa kwa machujio safi, kisha kwa machujio yaliyozibwa makusudi. Ulaji wa petroli haukubadilika kwa kiasi cha maana. Kilichobadilika ni wepesi wa gari dereva akanyagapo hadi mwisho: lenye chujio lililoziba lilikuwa zito zaidi. Sababu yake si ngumu kufahamika. Katika injini ya petroli, dereva mwenyewe huizuia hewa kila anapopunguza mguu, kwa kuwa kuna kilango katika bomba la hewa kinachofungwa na kufunguliwa kwa pedali. Chujio likizuia kidogo, dereva hukanyaga zaidi kidogo bila ya kujua, na mambo huwa sawa. Basi ikiwa hata chujio lililoziba halikuongeza ulaji wa petroli, hapana njia ya chujio la bei kubwa kuupunguza kuliko chujio safi la karatasi.

Liko na jambo la sensa yenyewe. Ni waya mwembamba sana unaopashwa moto, nao hukaa mbele kidogo ya chujio, katika njia ya hewa. Mtu akilitia chujio la pamba mafuta mengi kupita kiasi, mafuta hayo huchukuliwa na hewa yakaganda katika waya. Gari huanza kusitasita, na taa ya injini huwaka. Mtu akitia mafuta machache mno, vumbi hupita. Akiosha kwa petroli na kupaka mafuta ya injini, kama wafanyavyo wengine kwa kukosa mafuta yake maalumu, ameharibu kitu cha bei kubwa kwa mkono wake. Chujio hilo lataka mtu mwenye saburi, mwenye maji safi, na mwenye gari la pili la kutumia wakati chujio linakauka kivulini. Watu wa namna hiyo wapo, lakini si wengi katika stendi ya Voi.

Lisilo la kiwanda si baya kwa sababu hiyo

Yaliyosemwa yasimfanye mtu afikiri kwamba ni lazima anunue lenye jina la gari lake. Viwanda vingi vya magari havitengenezi machujio. Huyaagiza kwa makampuni ambayo hiyo ndiyo kazi yao, kisha huyatia katika boksi lenye jina la gari. Kampuni ya Denso ya Japani, mathalan, huiuzia Toyota machujio na vitu vingine vingi, na pia huuza kwa jina lake yenyewe. Kampuni ya MANN+HUMMEL ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1941, hufanya vivyo hivyo kwa magari ya Ulaya. Mtu akinunua chujio la karatasi la kampuni iliyo na sifa katika kazi hiyo, huenda akapata kitu kisichopungukiwa na chochote isipokuwa jina, na fedha zilizobaki zitamwezesha kulibadili mapema. Katika nchi ya vumbi, kubadili mapema kuna faida kuliko jina.

Hatari iliyopo ni bidhaa za bandia. Kenya ilitunga sheria ya kupiga vita bidhaa hizo mwaka 2008, lakini sheria haisimami mlangoni pa kila duka la spea. Mnunuzi sharti atumie macho na vidole vyake. Mikunjo ya karatasi iwe imelingana na kusimama wima, wala isilale inapoguswa. Gundi iwe imeshika karatasi pande zote pasipo nafasi. Ukingo wa mpira uwe laini, nao urudi mahali pake ukibonyezwa. Ukiwa mgumu kama plastiki ya ndoo, hautaziba. Jambo la mwisho, nalo ni kubwa kuliko yote, likae katika sanduku lake sawasawa. Chujio bora la duniani, likiwa fupi kwa unene wa ukucha, litaacha hewa ipite pembeni, na hewa hupenda njia rahisi. Hapo mwenye gari anasafiri bila chujio, hali akidhani analo.

Kupima kama hewa hupita pembeni hakuhitaji chombo. Sanduku la chujio lifunguliwe, na kitambaa cheupe kipitishwe ndani ya bomba la upande wa injini, yaani mahali ambapo hewa imekwisha kuchujwa. Kitambaa kikitoka cheupe, mambo ni mazuri. Kikitoka chekundu, vumbi la Voi limekwisha kuingia, na hapana sifa ya muuzaji itakayolitoa. Sababu iweza kuwa chujio, au kibanio cha sanduku kilichovunjika, au bomba la mpira lililopasuka. Magari yaliyotumika Japani kwa miaka saba au minane kabla ya kuletwa hapa mara nyingi huwa na mipira iliyochoka.

Upepo wa kompresa

Katika vituo vya petroli na gereji za kando ya njia kuna desturi moja inayoharibu machujio kuliko safari zenyewe. Dereva huliomba chujio lipulizwe. Kijana wa kazi huleta mpira wa kompresa, hulishika chujio karibu, na vumbi hutoka kwa wingi hata kila mtu akaridhika. Wengine hulipiga kwanza juu ya gurudumu.

Upepo wa kompresa una nguvu nyingi kuliko karatasi inavyoweza kustahimili. Hufungua matundu ambayo yalikuwa madogo, na pengine huitoboa kabisa mahali ambapo jicho halifiki. Zaidi ya hayo, lile tabaka la vumbi la kwanza lililokuwa likisaidia kuchuja huondolewa. Chujio hurudi likionekana jipya, lakini uwezo wake umepungua, na kila likipulizwa tena hupungua zaidi. Makampuni mengi hukataza jambo hilo kabisa. Yale machache yanayoruhusu, hasa kwa machujio makubwa ya malori na matingatinga, hutaka upepo usizidi paundi 30 hivi kwa kila inchi ya mraba, ambao ni sawa na upepo wa gurudumu la motokaa ndogo, na upulizwe kutoka upande safi kwenda upande mchafu. Baada ya hapo huagiza taa iwekwe ndani ya chujio gizani: nukta kali ya mwanga ikionekana, kuna tundu, na chujio ni la kutupwa.

Vitabu vya magari mara nyingi hutaja kubadili chujio kila kilomita 20,000 hadi 40,000. Vitabu hivyo hivyo huongeza, kwa maandishi ambayo wachache huyasoma, kwamba katika vumbi jambo hilo lifanywe mapema zaidi. Gari linalokwenda Mombasa na kurudi kwa njia ya lami, au Taveta kwa barabara iliyotiwa lami kutoka Mwatate katika miaka ya 2010, laweza kufuata kitabu. Gari la kuchukua watalii katika njia za Tsavo, au pikapu ya machimbo ya vito, haliwezi. Kwa magari hayo chujio litazamwe kila baada ya wiki chache za kiangazi, bila ya kulitoa na kulirudisha ovyo, kwa kuwa kila linapotolewa vumbi la sandukuni huweza kuangukia upande safi.

Magari ya Land Cruiser ya mbugani mara nyingi yana bomba refu linalopanda hadi kimo cha paa. Wengi hudhani bomba hilo ni la kuvukia mito tu. Faida yake ya kila siku ni kwamba huvuta hewa ya juu, ambako vumbi la magurudumu si zito kama chini. Na mengine yana kichwa kinachoizungusha hewa hata chembe kubwa zikatupwa nje kabla ya kufika kwenye chujio. Kwa mwenye gari linalofanya kazi katika udongo mwaka mzima, fedha za chujio la pamba zingefanya kazi bora zikitumika katika bomba la namna hiyo, na chujio la karatasi likabaki nyuma yake.

Waendeshao pikipiki nao wanahusika. Pikipiki nyingi zina chujio la sponji, nalo ni halali kulifua kwa maji ya sabuni, kulikausha na kulitia mafuta kidogo, maana limetengenezwa hivyo. Lakini wako vijana wa bodaboda walioliondoa kabisa ili mlio uwe mkubwa na pikipiki iwe nyepesi. Injini ya pikipiki ni ndogo, na silinda yake ni moja. Kiangazi kimoja cha njia za udongo kwatosha kuifanya itoe moshi. Aliyeliondoa na alirudishe kabla ya safari ya kesho, na kama sponji yenyewe imekwisha kuchanika, anunue nyingine inayokaa katika sanduku lake bila ya kuacha nafasi.